antiX 23 kwenye Acer Aspire One ya mwaka 2009: kazi ya kuandika inaiweza

Mpelekee fundi Acer Aspire One D150 leo, wengi watakushauri uuze vipuri. Prosesa yake ni Intel Atom N270 ya biti 32 (aina ya zamani; za siku hizi ni za biti 64), kasi 1.6 GHz, RAM ni GB 1 na kioo ni cha inchi 10. Windows 11 haiingii humo hata ukiilazimisha: inataka prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kabla ya hapo ilikuwa mzigo kwa mashine hii. Unaiwasha asubuhi, unafungua duka, unafagia hadi nje, ukirudi kile kiduara bado kinazunguka.

Mimi nina steshenari ndogo Iringa, na kompyuta hii ni meza ya pili ya kuchapa. Wanafunzi wanaleta barua za maombi, walimu wanaleta mitihani iliyoandikwa kwa mkono. Sihitaji ifanye maajabu. Nataka iwake, ifungue LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, isigande katikati ya ukurasa.

antiX 23 inafanya hivyo. Ni mfumo wa bure wa familia ya Linux, ulianzia Ugiriki, na toleo hili limejengwa juu ya Debian 12, Linux nyingine ambayo ni msingi wa mifumo mingi. Wepesi wake una sababu: haubebi mazingira mazito ya dawati kama GNOME au KDE, badala yake unatumia IceWM, ambayo kazi yake ni kupanga madirisha na menyu tu. Hata systemd, inayosimamia uwashaji na huduma za ndani katika Linux nyingi za siku hizi, haimo. Pembeni mwa kioo kuna maandishi yanayoonyesha RAM iliyotumika. Kwangu, mashine ikitulia, husoma chini ya MB 200. Mtu aliyezoea Windows kumeza GB nzima kabla hajafungua chochote ataelewa kwa nini nilifurahi.

Kuiweka hakusumbui. Unaiandika kwenye flashi, unawashia flashi hiyo, na unaweza kuitumia hapohapo bila kugusa diski mpaka uridhike. Chukua toleo linaloitwa full, ndilo linalokuja na LibreOffice.

Sura yake siipendi. Menyu zimejaa vitu vingi, vingine vinafanya kazi ileile kwa majina tofauti, na kwenye kioo cha 1024 kwa 600 baadhi ya madirisha ya mipangilio yanazidi chini, kitufe cha kukubali hukioni. Dawa yake: shika Alt, ulivute dirisha juu kwa kipanya. Dada anayenisaidia dukani alilijua hilo haraka kuliko nilivyotarajia, na sasa anachapa bila kuniita.

Sasa intaneti, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyana. Utasikia kwamba Linux nyepesi inaifanya kompyuta kuukuu kuwa mpya. Mfumo unakuwa mwepesi, ndiyo, lakini kurasa za mtandaoni hazipungui uzito kwa ajili yako. Fungua Firefox, ingia kwenye barua pepe, halafu fungua ukurasa wa pili wenye matangazo na video: RAM inajaa, diski inaanza kukoroma, kipanya kinaganda. Prosesa hii ilitengenezwa kabla kurasa hazijawa programu kamili. Maombi ya mkopo wa chuo au ya ajira nayafanyia kwenye kompyuta kubwa, hii siithubutu. Video ya YouTube ndani ya kivinjari inakatikakatika, ila ukiifungua kwa mpv, kichezeshi chepesi cha video, katika ubora wa chini wa 360p inatazamika vizuri.

Kabla hujaihukumu, ifungue chini. RAM ya DDR2 ya GB 2 inaingia, na ndiyo mwisho wake. Kwa wauza mitumba ya kompyuta haikosekani. Weka na SSD ya SATA, diski ya kasi isiyozunguka, ukiweza. Mabadiliko hayo mawili yana faida kuliko kuhangaika kubadilisha mfumo baada ya mfumo. Badilisha pia betri ndogo ya saa, kwa sababu ikifa tarehe inarudi miaka ya nyuma na kila tovuti salama inakukatalia, mtu anadhani antiX imeharibika.

Jambo linaloniumiza ni kwamba mlango wa biti 32 unafungwa. Google Chrome ya Linux iliacha biti 32 tangu 2016. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizi, na Firefox ya kawaida ilifikia mwisho kwenye toleo la 144. Iliyobaki ni ESR 140, Firefox inayohudumiwa kwa muda mrefu zaidi. Debian 12 yenyewe itapata marekebisho ya usalama hadi Juni 2028. Kwa hiyo ukiuziwa kompyuta kuukuu sasa hivi, uliza kwanza prosesa yake. Core 2 Duo ya biti 64 ina miaka zaidi mbele yake, na antiX ipo pia kwa biti 64. Atom N270 ichukue kwa bei ya chini sana, na kwa kuchapa tu.

Kwa kazi hiyo, antiX naipa nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya zile menyu.