Pedeli ya breki inayozama: masta mpya ya Corolla 110, na fundi aliyepima kwanza

Nimefunga masta mpya ya breki, yaani ile silinda inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye tairi ukikanyaga pedeli, kwenye Corolla 110 yangu, otomatiki, diski mbele na dramu nyuma, na nimeshaiendesha vya kutosha kusema neno. Si orijino ya Toyota, wala si mtumba; ni mpya ya duka la spea. Kifaa nakipa alama nzuri. Fundi nampa kubwa zaidi, kwa sababu hakunituma dukani mpaka alipokuwa na uhakika, na kwenye tatizo la pedeli kuzama, kupima ndiyo kazi yenyewe.

Dalili zilikuwa hivi. Barabarani gari lilikuwa linasimama bila wasiwasi. Balaa lilikuwa kwenye foleni: niko Buguruni kwenye taa, gia iko D, nimeweka mguu kwenye breki kwa uzito mdogo tu, na pedeli inashuka polepole kama ninakanyaga tope. Ikikaribia chini, gari linaanza kumsogelea wa mbele. Nikipampu inapanda na kukaza, halafu inaanza kushuka tena. Cha ajabu, nikikanyaga kwa nguvu ilikuwa haizami sana kama nikikanyaga kidogo. Mafuta ya breki kwenye kopo hayakupungua, na pale ninapoegesha hapakuwa na hata tone.

Kabla ya huyu fundi nilipita gereji mbili. Moja waliniambia ni upepo ndani ya mafuta ya breki, nyingine haidrovaki, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako kwenye breki, na hakuna aliyefungua boneti zaidi ya kuangalia kopo. Kwa anayesumbuliwa na hali kama hii, mambo haya yanatofautiana. Kukiwa na upepo kwenye paipu, pedeli inakuwa laini, inabonyea kama ina springi, lakini ukiishikilia inabaki pale ilipo. Breki za dramu zikiwa zimelegea, pedeli inaenda chini kuliko kawaida, ila ikishafika mahali pake haiendi tena. Haidrovaki ikifa, pedeli inakuwa ngumu, haizami. Na ile hali ya pedeli kushuka kidogo mara unapowasha injini huku umekanyaga ni kawaida kabisa. Ndiyo dalili kwamba haidrovaki inafanya kazi. Pedeli inayoendelea kushuka huku mguu umetulia maana yake mafuta yanapata pa kupitia.

Fundi wangu yuko Tabata. Alianza na sehemu za wazi: alipitisha mkono nyuma ya kila tairi, akavua dramu za nyuma akaangalia kama silinda zimelowa, akakagua mipira ya kupitisha mafuta ya breki za mbele, akaangalia pale masta inapokutana na haidrovaki. Pote pakavu. Ndipo akafungua paipu zinazotoka kwenye masta, akaziba matundu yake kwa bolti zenye uzi uleule, akanipandisha kwenye kiti.

"Dada, kanyaga taratibu, usiachie."

Pedeli ikaanza kushuka. Kwangu hapo hapakuwa na ubishi tena. Kila tundu limezibwa, mafuta hayawezi kwenda kwenye tairi lolote, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ni kuvuka rabba za ndani ya masta na kurudi kwenye kopo. Ndiyo maana kopo halikupungua. Kama pedeli ingekaa ngumu kama jiwe, masta ingekuwa nzima na tungeendelea kutafuta mbele yake. Kwa gari lenye ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla, kipimo hiki kina thamani zaidi, maana vali za ABS nazo zinaweza kupitisha mafuta kwa ndani na kuleta dalili zilezile, na kifaa chake si cha kununua kwa kubahatisha.

Alipoifungua masta ya zamani alinionyesha kwa tochi. Mafuta yalikuwa meusi, ukingo wa rabba umechanika vinyuzi, na ukuta wa silinda ulikuwa na vidoti vya kutu upande wa mbele, mahali ambapo rabba haifiki katika matumizi ya kawaida. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar mnaijua. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140, na maji hayohayo ndiyo yanayoleta kutu. Hii pia ndiyo sababu simpendi fundi anayetoa upepo kwa kumwambia msaidizi akandamize pedeli mpaka sakafuni kwenye gari la zamani: rabba inapelekwa kwenye sehemu yenye kutu na inakwaruzika siku hiyohiyo.

Nilikuwa na njia tatu. Seti ya rabba peke yake ni rahisi, lakini kwenye silinda yenye vidoti rabba mpya inaliwa upesi. Inafaa pale tu ukuta ukiwa laini. Mtumba wa Ilala unaonekana safi kwa nje, lakini rabba zake zina umri ule ule wa gari lililokatwa. Nikachukua mpya kwa shilingi 95,000, na ufundi ukawa 40,000 pamoja na kutoa upepo.

Kabla ya kuifunga, aliibana kwenye jiriwa, akaijaza mafuta, akasukuma pistoni taratibu huku vimipira viwili vikirudisha mafuta kwenye kopo mpaka mapovu yakaisha. Msiruhusu hatua hii irukwe, maana upepo uliobaki ndani ya masta ni mgumu sana kutoka ikishafungwa. Kisha akatoa upepo tairi moja moja, akianza na la mbali zaidi. Mafuta yaliyomwagika aliyasuuza kwa maji papo hapo, kwa kuwa yanakula rangi ya gari.

Sasa pedeli iko juu, imekaza, na kwenye foleni naishikilia kwa wepesi bila kusogea. Nimeshuka nayo mlima Kitonga nikiwa na abiria na mizigo, pedeli haikubadilika.

Lawama kwa bidhaa: haiji na kopo. Inabidi uhamishe la zamani, na vile virabba vya chini ya kopo vilivyokuja nayo vilikuwa vigumu kuingia mpaka vikalowekwa kwenye mafuta ya breki. Msikubali vipakwe grisi au oili ya injini, vitavimba na kuharibika. Na nendeni dukani na masta ya zamani mkononi, mlinganishe matundu ya paipu na urefu wa pistoni hapo kaunta, kwa sababu Corolla 110 zina masta za aina tofauti na maduka mengi hayapokei ikishaguswa na mafuta.