Divai ya kula na bukari: ipi ununue kwanza Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mtu akitaka kuwaheshimu wageni, hasa wakwe, hununua divai nyekundu nzito, yenye lebo nyeusi na maandishi ya dhahabu. Mezani kuna bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo) yenye mawese, samaki thomson wa kukaanga na pilipili pembeni. Chupa ile ya bei kubwa inafunguliwa, watu wanakunywa kidogo kwa adabu, halafu mmoja mmoja wanarudi kwenye bia. Divai haina kasoro, na mpishi amefanya kazi yake vizuri. Viwili hivyo havipatani tu.

Divai nyekundu nzito ina tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kwenye mapipa ya mbao. Nyama yenye mafuta huituliza. Samaki huichokoza: thomson ana mafuta mengi, na akikutana na divai nyekundu nzito huacha mdomoni ladha ya chuma. Pilipili nayo huwaka zaidi kadiri kilevi kinavyopanda, kwa hiyo divai ya asilimia 14.5 juu ya pilipili ya kwetu ni adhabu. Mawese, chumvi ya samaki mkavu, nyanya, pilipili: vyote hivi vinataka divai yenye uchachu, baridi, isiyo na ukakasi. Ndiyo maana katika orodha hii nimeweka nyeupe juu kabisa, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Ya kwanza: Chenin Blanc ya Afrika Kusini

Ukiwa na pesa ya chupa moja tu, nunua divai hii nyeupe. Asili ya zabibu yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, lakini leo ndiyo zabibu inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini, na wakulima wa huko zamani waliiita Steen. Kwetu inafika kwa malori kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, njia ileile inayotuletea bidhaa nyingine nyingi, kwa hiyo si vigumu kuipata hata kwenye alimentation (duka la vyakula) ya kawaida.

Nguvu yake ni uchachu, ambao haupotei hata zabibu zikiiva kwenye jua kali. Jaribu hivi nyumbani: kata tonge la bukari, chota sombe, tafuna, meza. Mawese yatabaki yamefunika ulimi. Sasa kunywa Chenin kidogo, iliyotoka kwenye friji. Mafuta yataondoka, na utamu wa majani ya muhogo, ambao mawese yalikuwa yameuficha, utajitokeza wenyewe. Tonge linalofuata utalila kama la kwanza. Usinywe chakula kikiwa bado mdomoni, maana hapo huonji divai wala sombe.

Inafaa pia kwa kapenta (dagaa) wa kukaanga, kwa lengalenga (mchicha), na kwa thomson aliyekamuliwa ndimu. Chukua ile ya mwaka wa karibuni, isiyopitia mapipa. Ukiona kwenye lebo maneno kama fûts de chêne au barrel, hiyo ni nzito zaidi na bei yake iko juu. Iweke kwa kuku wa mchuzi wa karanga, au kwa bowa wakati wa mvua, wale uyoga wa manjano ambao akina mama hupanga kwa mafungu kando ya barabara. Bowa waliopikwa na karanga pamoja na Chenin ya pipa ni chakula cha jioni ambacho ningempa mgeni kutoka nchi yoyote.

Kabla ya kulipa

Chupa imesafiri mbali kwa lori, na joto la njiani huiharibu divai kuliko umri. Pitisha kidole shingoni. Ukikuta unata, au kizibo kimejisukuma juu kidogo, divai ilichemka na kuvuja, rudisha. Usichukue chupa iliyosimama dirishani ikipigwa na jua la mchana, hasa mwezi wa kumi, hata wakikupunguzia bei. Muulize muuzaji kwa upole, "Papa, hakuna katoni nyingine huko nyuma, ambayo haijafunguliwa?" Mara nyingi ipo.

Soma mwaka. Afrika Kusini huvuna mwanzoni mwa mwaka, kati ya Januari na Aprili hivi, kwa hiyo divai ya mwaka huu inaweza kufika kwetu kabla mwaka haujaisha. Nyeupe na rozé (divai ya rangi ya waridi) za bei nafuu zinywe ndani ya miaka miwili au mitatu. Zikizidi hapo, harufu ya matunda hufifia. Na usidharau kifuniko cha kuzungusha. Kizibo cha gome kinaweza kuipa divai harufu ya katoni iliyolowa, na hicho kingine hakina tatizo hilo.

Maneno ya lebo yanayokuhusu ni machache: sec au dry ni kavu, demi-sec au semi-sweet ina sukari kiasi, moelleux ni tamu.

Ya pili: rozé kavu

Kwa meza yenye kila kitu, samaki, kuku, maharagwe, mchuzi wa nyanya, na watu wasiopenda kitu kimoja, rozé kavu haigombani na yeyote. Inywe baridi. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: mbele ya sombe inazidiwa nguvu na Chenin.

Ya tatu: nyekundu nyepesi, Cinsaut au Pinotage

Hii ndiyo divai ya michopo, yaani nyama ya kuchoma. Pinotage ilizaliwa Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925, pale mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold alipochanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut. Mara nyingi ina harufu kidogo ya moshi, na nyama ya mbuzi iliyotoka kwenye makaa, na kitunguu kibichi juu yake, inaipokea vizuri sana. Tafuta ya kilevi cha asilimia 13 au chini yake.

Ile kanuni ya kunywa nyekundu kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba baridi za Ulaya, na maana yake ni nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Katuba au Kampemba, hapa mjini, mwezi wa kumi kiko mbali sana na hapo. Weka chupa kwenye friji nusu saa. Juni na Julai, jioni zikiwa za baridi, iache mezani tu.

Ya nne: boksi

Boksi la lita 3 ni sawa na chupa nne, na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko hizo nne. Mfuko wa ndani hujikunja unapopungua, hewa haiingii, na divai hukaa vizuri wiki nne hivi kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa ni siku tatu hadi tano. Kwa nyumba inayokunywa glasi moja jioni, boksi la Chenin ni ununuzi wa akili. Angalia tarehe ya kupakiwa: boksi halikomai, huchoka, na likipita mwaka liache.

Ya tano: nyekundu tamu

Familia nyingi zinaipenda, na wana haki: sukari hutuliza pilipili. Kwa kikanda (kile cha mizizi ya porini na karanga) chenye pilipili nyingi inafaa kabisa, mradi iwe baridi. Ila soma maandishi madogo nyuma. Ukikuta boisson aromatisée à base de vin, hicho ni kinywaji kilichoongezwa ladha, na hakistahili bei ya divai.

Ya sita: Bordeaux na Cabernet nzito

Ni divai nyekundu za heshima, Bordeaux ikiwa ya eneo la Ufaransa lenye jina hilo, na nimeziweka mwisho kwa sababu ya sufuria zetu, si kwa sababu ya ubora wake. Maneno Grand Vin de Bordeaux yasikubabaishe. Si daraja la ubora, mtengenezaji yeyote wa huko anaweza kuyaandika. Ukiinunua, siku hiyo pika nyama ya ng'ombe yenye mafuta, ya kuchoma au ya mchuzi mzito usio na pilipili, na ufungue chupa saa moja kabla ya wageni kukaa.