Unabadilisha prosesa na mazabodi? Anza na diski uliyo nayo

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilitoka Kariakoo na boksi mbili kwenye begi la mgongoni: prosesa ya Core i5-12400F, yaani ubongo wa kompyuta, na mazabodi ya H610, ubao mkuu unaobeba kila kitu. Pamoja na RAM nililipa laki saba na themanini taslimu, na i5-3470 yangu ya zamani na mazabodi yake nikaviacha palepale dukani kama sehemu ya malipo. Diski nilibaki nayo. Muuzaji alinihakikishia mara tatu: "Dada, wewe chomeka tu, inawaka yenyewe."

Saa mbili usiku mimi na mdogo wangu tulikuwa sebuleni Tabata, kesi imelazwa sakafuni, kila waya uko mahali pake. Mashine inawaka, feni zinazunguka, lakini kila tukiwasha tunajikuta ndani ya BIOS, ile programu ya mazabodi inayotangulia Windows. Tukabadilisha waya wa SATA, tukahamia tundu jingine, tukatoa RAM tukairudisha. Kilichotuchanganya ni kwamba BIOS ilikuwa inaiona diski, inaitaja kwa jina na ukubwa wake, ila kwenye orodha ya kubuti, yaani ya diski zinazoweza kuiwasha Windows, haimo.

Jumapili akaja fundi. Dakika tano tu akasema Windows imekataa mashine mpya, dawa ni kupiga Windows upya. Tukapiga. Zikaondoka sevu za michezo ya mdogo wangu, hatua alizohifadhi tangu kidato cha nne, video za mechi zake zote, na michezo yenyewe. GTA V peke yake inazidi GB 100. Kama nyumbani kwako intaneti ni bando la simu, unajua maana yake. Karibu mwezi mzima tulikuwa tunashusha usiku wa manane.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba diski yetu ilikuwa nzima kabisa, na kwamba kazi ile ilihitaji amri moja na dakika chache. Iliniuma sana, na inaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika. Habari za kori na gigahezi sitazirefusha, kila duka linaziimba. Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza dukani, na ambacho ningependa ukikague kabla hujatoa hata shilingi, ni namna diski yako inavyobuti.

Kuna mitindo miwili ya kuipanga diski. Wa zamani unaitwa MBR na unabuti kwa njia ya Legacy. Mpya ni GPT na unabuti kwa UEFI. Mashine nyingi za zamani tulizonazo mjini zilipigwa Windows kwa Legacy, hata zile ambazo mazabodi zake zilikuwa na uwezo wa UEFI, kwa sababu fundi alitumia flashi aliyoizoea. Mazabodi nyingi mpya, hasa za Intel, hazina tena CSM, ile sehemu ya BIOS inayokubali diski za Legacy. Ukiichomekea diski ya MBR itaiona kama ghala la mafaili tu.

Kukagua ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukikuta UEFI, pumua. Ukikuta Legacy, endelea kusoma, na usiiachie mashine ya zamani kwa muuzaji yeyote kabla hujamaliza.

Windows 10 kuanzia toleo la 1703, la mwaka 2017, inakuja na programu inayoitwa mbr2gpt. Inaigeuza diski kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta kitu. Kwanza nakili vitu vyako vya maana kwenye diski ya nje, hilo halina mjadala. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia amri hiyohiyo ukiweka /convert badala ya /validate. Basi. Ifanye iwe kazi ya mwisho kabla ya kufungua kesi, kwa sababu diski ikishageuka, mazabodi ya zamani haitaibuti tena mpaka uibadilishe iende UEFI, na kama haina UEFI ndiyo imetoka hiyo. Na kama umeshachelewa kama mimi, mashine mpya iko mezani na ya zamani imeuzwa, bado njia ipo: buti kwa flashi ya kupigia Windows, ikifika ukurasa wa kwanza bonyeza Shift na F10, kisha iendeshe amri humo bila hilo neno la allowFullOS. Fundi wangu alikuwa na flashi hiyo mkononi siku ile.

Inapokwama mara nyingi ni hapa. Mafundi wetu wanapenda kukata diski moja C, D, E na wakati mwingine F. Diski ya MBR haibebi zaidi ya vipande vikuu vinne, hivyo vinavyozidi hufungwa ndani ya kipande kimoja kikubwa, na mbr2gpt ikikiona hicho inagoma. Inataka vipande vikuu visivyozidi vitatu na kusiwe na kilichofungwa ndani ya kingine. Hamisha vilivyomo E na F, futa vipande hivyo pamoja na kile kilichovifunga, ndipo urudie.

Mawili mengine kwa haraka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, mazabodi mpya itakudai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike kwenye karatasi au uzime ufungaji kabla. Usiseme wewe hukuwahi kuuwasha, kwani Windows 11 ya 24H2 ikipigwa upya kwa akaunti ya Microsoft huweza kujifunga yenyewe. Na kama diski inatoka kwenye Dell ya ofisini, nyingi huwa zimewekwa RAID On, namna moja ya mazabodi kuwasiliana na diski. Ukihamia mazabodi iliyowekwa AHCI, namna nyingine, unapata kioo cha bluu. Kabla ya kuitoa, ingia msconfig uiweke Safe Boot, ibuti mara moja kwenye mazabodi mpya, kisha ondoa alama hiyo.

Haya, tununue nini?

Namba moja yangu ni Ryzen 5 5600 juu ya mazabodi ya MSI ya B550. Sifichi, naipenda AMD, na kwenye mazabodi naipenda MSI kuliko wote. Mwezi uliofuata baada ya lile janga langu nilimsaidia binamu yangu wa Mbagala kufunga hii, kwa diski yake ileile ya zamani. B550 bado ina CSM, kwa hiyo hata ukikosea mpangilio diski ya Legacy ina mlango wa kupitia siku ya kwanza. Nasema siku ya kwanza kwa sababu Windows 10 iliacha kupata huduma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka UEFI na TPM 2.0, kitunza funguo cha usalama. Igeuze diski tu.

Ninachokipendea MSI zaidi ni kile kitufe cha Flash BIOS kilicho nyuma ya mazabodi kama B550 Tomahawk. B550 zilitoka mwaka 2020 kabla ya Ryzen 5000, na boksi lililokaa stoo muda mrefu linaweza kuwa na BIOS isiyoijua 5600. Kwa mazabodi isiyo na kitufe, utaanza kuzunguka mjini kutafuta mtu wa kukuazima prosesa ya zamani. Kwa yenye kitufe, unaweka faili kwenye flashi ya FAT32, unalipa jina MSI.ROM, unachomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unabonyeza. Haihitaji prosesa wala RAM. Taa inapepesa dakika chache, inazimika, umemaliza. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kuiua mazabodi, na sote tunaijua hali ya umeme wetu. Azima UPS. Binamu yangu tuliifanya kazini kwake kwenye jenereta. Ukitaka kukwepa yote hayo, tafuta boksi lenye stika ya AMD Ryzen 5000 Desktop Ready.

Kama tayari una mazabodi ya B450 au X470 na Ryzen ya zamani, usinunue mazabodi kabisa. Sasisha BIOS, weka 5600, au 5700X3D ukibahatika kuipata, ile yenye kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 ambayo kwenye michezo inaonekana kwa macho. RAM yako ya DDR4, kizazi cha kabla ya DDR5, unabaki nayo, na hili lina uzito kwa sababu tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya duniani kote, viwanda vikikimbilia vituo vya akili mnemba. Ukibadilisha prosesa, kioo kitakuandikia New CPU installed na habari za fTPM, yaani TPM iliyo ndani ya prosesa, kikikutaka ubonyeze Y au N. Kama BitLocker imewashwa na ufunguo huna, usibonyeze Y.

Namba mbili, Ryzen 5 7600 na B650, tena MSI. Ni bora kuliko ya kwanza kwa kasi na kwa umri: AMD imeahidi kuendelea na soketi ya AM5, yaani tundu la kukalia prosesa, hadi 2027 na kuendelea. Ina sehemu yake ndogo ya kutoa picha ndani ya prosesa, hivyo kadi ya michoro ikifa bado utaona kioo. Nimeishusha kwa sababu inakula DDR5 tu, na kwa bei za RAM za sasa mtu anayebana bajeti mpaka anatunza diski ya zamani hawezi kuimeza kirahisi. Ukiinunua, usiogope siku ya kwanza ikikaa dakika kadhaa na kioo cheusi. Inaipima RAM. Wapo wanaozima hapo na kurudi dukani kugombana.

Namba tatu ni i5-12400 kwenye B660 au B760 ya DDR4. Prosesa nzuri, haina kosa, nami bado naitumia. Chukua isiyo na F kama kadi yako ya michoro imezeeka, maana F haina picha ya ndani. Lakini igeuze diski kabla, bila kuahirisha. Na kabla ya kulipa washa tochi ya simu uimulike soketi: kwenye hizi pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kama unywele, na moja ikipinda hakuna atakayekurudishia hela.

Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizotumika, sizishauri. Zilikuwa na tatizo la umeme la kuziharibu polepole. Intel walitoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza udhamini miaka miwili, lakini iliyokwisha kuumia haiponi, na wewe mnunuzi wa mkono wa pili huwezi kujua iliishi vipi.

Za bei ya chini: mazabodi za H610 na A320 zinafanya kazi ukijua mipaka yake. Zile mazabodi za X99 za China na prosesa za Xeon, hapana.

Na kama kesi yako ni Dell au HP ya ofisini, ujue plagi zake za umeme mara nyingi ni za kwao wenyewe. Tenga hela ya kesi na pawa saplai.

Sasa wauzaji. Tangu Machi 28, 2025 kanuni zinataka bei za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi, lakini kwenye prosesa bado naambiwa "dola mia na hamsini, dada, tutabadilisha kwa reti ya leo", na reti ya leo ni anayoitaka yeye. Winga akikushika mkono barabarani, asilimia yake imo kwenye bei hata kama hukumwita. Prosesa inatolewa kwenye mfuko wa nailoni bila boksi, unaambiwa mpya. Ukidai risiti ya EFD, bei inaongezwa hapohapo, kana kwamba kodi ni adhabu ya kuuliza. Mimi bila risiti sikuwa na pa kuanzia niliporudi Jumatatu. Yule kaka alinitazama akasema mzigo ulitoka dukani mzima, tatizo ni diski yangu. Kuhusu mzigo alikuwa sahihi. Lakini diski nilimwonyesha Jumamosi, alikuwa ameishika mkononi mwake, hakuuliza swali hata moja.

Kwa ajili hiyo, siku ya binamu tulikwenda na diski mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa, na usiku wake tulikuwa tumeigeuza. Tuliona Conversion completed successfully kwa macho yetu. Duka la kwanza tuliomba waifunge mazabodi pale mezani, waichomeke diski yetu, ndipo tulipe. Wakakataa, wakasema ukishafungua boksi umenunua. Duka la pili, Posta, mama mmoja aliyekuwa kaunta akamwambia kijana wake, "Wawekee waone." Kijana akatandaza katoni, akaweka prosesa, kipande kimoja cha RAM, akaazima kadi ya michoro kwenye mashine ya dukani. Ilichukua kama dakika ishirini. Windows ikazunguka, ikaandika Getting devices ready, ikajiwasha upya mara moja, na kwenye kioo ikatokea desktop ya binamu yangu, yenye picha ya mwanawe aliyoiweka miaka minne iliyopita. Tulilipa hapo, elfu arobaini zaidi ya bei ya duka la kwanza, na risiti tukapewa bila kuomba.