Kidonda cha Upasuaji: Madai ya Bima au Simu ya Muuguzi?

Maambukizi ya kidonda cha upasuaji hufuatiliwa kwa siku 30, au 90 kwa baadhi ya operesheni zinazoacha kifaa mwilini, na mengi hujitokeza mgonjwa akiwa amekwisha kuruhusiwa kutoka hospitali ya Moshi kurudi nyumbani Rombo. Kuyagundua huko kuna njia mbili: kupitia madai ya bima, au muuguzi kumpigia mgonjwa simu. Kumbukumbu za madai ya bima zina gharama ndogo, kwa kuwa zimekwisha kukusanywa, nazo humwonyesha hata aliyetibiwa kituo kingine. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya malipo, hivyo antibayotiki iliyodaiwa haithibitishi usaha, na asiye na bima, jambo linaloniumiza zaidi, haonekani kabisa. Simu ya muuguzi huhitaji muda na namba sahihi, ila hunasa homa mapema. Hospitali yenye wagonjwa wengi wa bima yaweza kuanzia kwenye madai. Wodi ndogo ya uzazi ipige simu.