Tathmini ya NUT: programu ya kuizima seva ya Linux umeme ukikatika, na kuiwasha umeme ukirudi

Network UPS Tools, ambayo mafundi huiita NUT kwa kifupi, ni programu huria ya bure inayoiwezesha seva ya Linux kuwasiliana na UPS yake (kifaa chenye betri kinachoipa umeme wa muda umeme ukikatika) kupitia kebo ya USB, kutambua kwamba umeme umekatika, na kujizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Nimeitumia kwenye seva inayotunza mauzo na hesabu za stoo ya duka la dawa la jumla hapa Nyakato, Mwanza. Kipimo nilichoipa ni kimoja: umeme ukirudi, seva iwake yenyewe bila mtu kuamshwa.

Kipimo hicho kina sababu. Katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, radi hupiga sana usiku na alfajiri, wakati duka limefungwa na aliyepo ni mlinzi wa getini tu. Seva iliyojizima vizuri saa tisa usiku kisha ikabaki imezima huwalazimu wauzaji kuandika risiti kwa mkono asubuhi, na kila dawa iliyotoka bila kuingizwa kwenye mfumo huharibu hesabu ya stoo kwa siku zinazofuata.

Kuisakinisha kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, si kazi kubwa. UPS nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani huonekana kwenye amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, kwa namba 0665:5161, na draiva yake (sehemu ya NUT inayozungumza na UPS) ni nutdrv_qx. Ukiandika amri ya upsc na jina la UPS, mstari wa ups.status husomeka OL, maana yake umeme wa ukutani upo. Ukichomoa plagi hugeuka kuwa OB, na betri inapokaribia kuisha huongezeka LB. Sehemu inayoitwa upsmon huanza kuizima seva pale OB na LB zinapokutana.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu UPS za aina hii mara nyingi hazitoi asilimia ya chaji, na draiva hulazimika kuikisia kutokana na volti: kwa betri ya volti 12, isipoelekezwa vinginevyo, huchukua 10.4 kuwa sifuri na 13.0 kuwa mia. Betri iliyochoka, ikiwa bado inachajiwa, husoma volti zaidi ya 13 na hivyo huonyesha asilimia 100, kisha ikibebeshwa mzigo wa seva volti hushuka ghafla na LB hutokea ndani ya sekunde chache. Ukiona seva inaanza kujizima mara tu umeme unapokatika, pima betri kwanza kabla ya kugusa mipangilio. Ikiwa betri ni nzima na UPS yako hutoa asilimia ya kuaminika ila huchelewa kutangaza LB, ndipo utumie ignorelb pamoja na override.battery.charge.low ndani ya faili la mipangilio la ups.conf, ili uamuzi ufanywe na kiwango ulichokiweka wewe.

Sehemu ninayoisifu zaidi ni ile ya mwisho wa kuzima. Kabla mfumo haujasimama, upsmon huacha faili la alama, ambalo kwa kawaida ni /etc/killpower. Hatua ya mwisho kabisa ya kuzima hulikuta faili hilo na kuiamuru UPS ikate umeme kwenye soketi zake. Kwa nutdrv_qx, UPS husubiri sekunde 30 ndipo ikate, na hurudisha umeme baada ya sekunde 180, usipobadilisha. Kukata huko ni kwa lazima hata kama umeme umerudi seva ikiwa katikati ya kujizima, kwa kuwa BIOS (programu ya msingi ya mashine) iliyopangwa kuiwasha mashine umeme unaporudi haitafanya kitu ikiwa umeme haukuondoka kamwe.

Mpangilio mzima hujaribiwa kwa amri ya upsmon -c fsd, ambayo huanzisha uzimaji wa lazima, nje ya saa za kazi, UPS ikiwa imechomekwa ukutani. Simama karibu na uangalie kwa makini. Kwenye seva yetu, relei (swichi ya ndani) ya UPS ilisikika ikibofya, taa zote zikazimika, hata ile ndogo ya kijani kwenye poti ya mtandao, na baada ya kitambo feni zikaanza kuzunguka. Taa hiyo ya poti ndiyo shahidi: ikibaki inawaka, umeme haukukatwa.

Baadhi ya UPS hukaidi amri ya kukata umeme kwenye soketi zake, umeme wa ukutani ukiwapo. NUT ina dawa yake, nayo ni POWEROFF_WAIT katika nut.conf, ambayo huifanya seva isubiri muda uliopangwa na ikikuta bado ina umeme ijiwashe upya. Muda huo uwe mrefu kuliko ule ambao UPS husubiri kabla ya kukata. Sikufurahishwa na jinsi mpangilio muhimu namna hii ulivyofichwa. Maelekezo ni mengi na sahihi, ila yameandikwa kwa Kiingereza kizito na mipangilio imetawanywa katika mafaili kadhaa, jambo linalomchosha fundi anayeanza.

Wenye seva zaidi ya moja kwenye UPS moja watafaidika zaidi, kwa kuwa iliyounganishwa kwa USB huzitangazia nyingine kupitia poti 3493, nazo hupewa sekunde 15 za kujizima kwanza, muda ambao unaweza kuongezwa kwa mpangilio wa HOSTSYNC. Swichi ya mtandao nayo lazima ichomekwe kwenye UPS hiyohiyo. Ikizimika pamoja na umeme wa ukutani, seva nyingine huona tu kwamba mawasiliano yamepotea huku taarifa ya mwisho ikiwa OL, hivyo huendelea na kazi mpaka betri inapoisha.