Ghala la Langoni lililogeuzwa fleti: juu nyota nne, chini mbili

Ukipewa fleti ya chini katika lile ghala la zamani la Langoni, mjini Lamu, karibu na barabara ya pwani, omba uhamishiwe juu. Usione haya. Sisi tulianzia chini, mimi na mama, tulipokwenda Lamu kwa Maulidi, na kabla hata mizigo haijafunguliwa mama alishanusa hewa akasema, "Mwanangu, hapa palikuwa pakiwekwa samaki wa ng'onda."

Kijana anayetunza nyumba akacheka. "Sivyo, bibi. Hii ilikuwa nyumba ya sultani." Kumbe ndivyo kibao cha mlangoni kinavyodai.

Sultani gani huyo? Nyumba ya wakubwa wa Amu, yaani Lamu, ina daka la kupokelea wageni, ina kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, na huko ndani utaona zidaka, vishubaka vya plasta vilivyochongwa ukutani. Hapa hakuna hata kimoja. Kuna mlango mpana wa kuwapitisha mahamali na magunia mabegani, kuna vidirisha vya juu vyenye vyuma, na kwenye dari ya ukumbi imebaki kulabu nene yenye kutu, ya kuvutia mizigo ghorofani. Mama aliitazama ile kulabu, akamtazama na kijana, asiseme neno.

Na mbona ghala lina historia yake nzuri tu! Ngome ya Lamu, iliyomalizika 1821, ilijengwa ukingoni mwa maji. Ukiiona leo iko ndani ya mji, kwa sababu ufuo ulijazwa baadaye, na maduka na maghala yakajengwa mbele yake. Majahazi ya Uarabuni yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, mazulia na makasha, yakarudi na upepo wa kusi yamejaa boriti za mikoko. Mama anakumbuka boriti zikihesabiwa kwa korija pale ufuoni, kila korija boriti 20, na kelele za wahesabuji. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Kwa anavyokumbuka yeye, haukupita muda mrefu ghala hili likatiwa kufuli. Hayo ndiyo ningeyaandika kwenye kibao, na mgeni angelala kwa raha zaidi kuliko na huyo sultani wa kubuni.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wa juu apewe mkono. Boriti ameziacha wazi, na hakujaribu kupanua chumba kuliko zinavyofika, yaani chini ya mita 3. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, kama inavyostahiki Lamu, na kitanda kimewekwa mwisho kabisa penye kivuli. Kuta zimepigwa chokaa tupu. Saa saba mchana, jua la kuchoma, unaegemeza mgongo ukutani unapoa. Barazani unaona Manda ng'ambo ya pili na mashua zikipita.

Chini wamepiga saruji. Marehemu baba alikuwa fundi chokaa, kwa hiyo hili linaniuma kidogo, nivumilieni. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na huku pwani unyevu huo una chumvi. Chokaa huuachia ukatoka polepole. Saruji huufungia ndani, halafu chumvi hutafuta pa kutokea. Nyuma ya kabati nilikuta plasta imevimba. Nikaigusa kwa ukucha ikamwagika, jiwe likaonekana, na chini sakafuni pana unga mweupe. Wamepaka rangi ya mafuta juu yake, tena inaonekana ni zaidi ya mara moja. Mji huu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na mafundi chokaa bado wapo, unawapata kwa kuuliza tu msikitini. Sioni kisingizio.

Mengine ni madogo. Jiko la gesi linafanya kazi, sufuria mbili hazina vifuniko. Ngazi za kupanda juu ni kali, mwenye magoti mabovu ajipange. Mama alizipanda kwa bismillahi kila hatua lakini hakukubali kurudi chini. Punda hupita uchochoroni alfajiri, na hilo si kosa la mtu. Maji ya bomba hupungua jioni, jaza ndoo mapema. Bamvua likija, bahari hupanda barabara ya pwani, kwa hiyo usivae viatu unavyovipenda.

Kijana ni mwema sana. Alituhamisha juu bila kuongeza bei, akatuonyesha na mahali pa kununua mkate wa mofa wa moto. Amana yangu ilirudi kwa M-Pesa kabla boti haijafika Mokowe, upande wa bara. Kibao nimemwambia akitoe. Amesema atamuuliza mwenye nyumba.