Scania yangu ya 1/24: seti nzuri sana, duka limeniua na kioo cha mbele

Naanza na kioo, maana bila kioo hicho nisingekaa chini kuandika haya.

Kabla masika hayajaanza niliagiza seti ya plastiki ya kujenga mfano wa lori ya Italeri, kiwanda cha Italia, Scania 143M Topline ya kipimo cha 1/24 (mara 24 ndogo kuliko lori lenyewe), kwenye duka moja la mtandaoni hapa Dar. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Boksi likaletwa na bodaboda. Selotepu ya kiwandani ilikuwa imekatwa, juu yake imebandikwa nyingine ya kahawia, ile ya kufungia mizigo. Mifuko ya ndani imechanwa. Fremu ya vioo, ile plastiki inayoshikilia vioo kabla hujavikata, sehemu laini kuliko zote humo ndani, imesukumiziwa chini kabisa na chasisi imelala juu yake. Kioo cha mbele kina ufa kuanzia kona ya waipa upande wa dereva hadi juu katikati.

Mnaojenga malori haya mnaelewa. Bodi ikivunjika haina shida: gundi ya plastiki inayeyusha kingo zote mbili zinakuwa kitu kimoja, unapiga puti, msasa, praima, rangi, na hakuna atakayejua palivunjika wapi. Kioo hakipigwi puti. Ukikimbilia supagluu ndiyo umemaliza kabisa, mvuke wake unakiacha na ukungu mweupe. Na hii ni Scania isiyo na pua, jamani. Uso wake wote ni kioo, grili na bampa. Kioo kikiwa na ufa, lori zima lina ufa.

Nikapiga simu. Akapokea kijana, nikamweleza kwa upole, nikamwambia picha nimeshatuma. Akaniuliza, "Sasa mzee wangu, si toi tu hiyo?" Nikamwambia hapana, huu ni mfano wa kujenga, na nimeulipia laki mbili na zaidi. Akasema, "Basi ibandike selotepu, mtoto hataona." Akakata.

Mtoto gani? Nani alimtajia mtoto?

Sitaki kufundishwa toi ni nini. Nimekua nikitengeneza magari ya waya na makopo, matairi ya ndala zilizokatika, na hata kwenye yale tulikuwa tunagombana kama bampa imekaa sawa na ya lori lililopita barabarani. Tukiwa watoto tulijua lori lina sura yake na haikosewi. Mtu anauza vitu hivi, anakula kwa vitu hivi, halafu anavidharau mbele ya mteja! Kilichoniuma ni hicho kuliko hata ufa wenyewe. Plastiki inapasuka, najua. Lakini boksi walilifungua wao, kwa mikono yao, na hakuna aliyesema hata pole.

Seti yenyewe, nisiseme uongo, ni tamu. Kabini inainuka kwa mbele, chini yake injini yote inaonekana, na sehemu zinaingiana vizuri. Kazi niliyoitaka ndiyo ngumu, kwa sababu sikutaka 143. Nilitaka 113, ile iliyobeba mizigo ya Dar kwenda Tunduma miaka na miaka, ambayo fundi yeyote wa Makambako anaifungua gizani. Namba zenyewe zinakupa kazi: 14 za mwanzo ni lita za injini, V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, 11 ni ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo V8 nzuri ya kwenye boksi nikaiweka kando, nikachonga nyingine kwa vipande vya plastiki. Paa la juu la Topline nikalikata, maana 113 nyingi nilizozoea kuziona njiani ni za paa fupi. Chasisi nikairefusha niongeze difu ya pili, yaani ekseli ya kusukuma lori, kwani ya kwenye boksi ina difu moja tu, na ukitaka lori la kupanda mlima wa Kitonga na mzigo kamili unataka mbili. Usukani nikauhamishia kulia, dashibodi nikaikata na kuigeuza. Chasisi lazima uiunge juu ya kipande cha kioo cha dirisha, palipo bapa kabisa, la sivyo tairi moja litaning'inia hewani na hutalishusha tena.

Rangi ndiyo iliyonipa subira. Masika ya Dar hayapendi rangi ya kupuliza: hewa imejaa maji, unapuliza nyekundu safi, baada ya muda mfupi imepauka kama imepakwa maziwa. Nikawa nangoja siku kavu, napuliza mchana jua likiwa kali. Ngao ya mbele nimeitengeneza kwa waya wa shaba, vibao vya namba ni vyeupe vya gari la biashara, herufi T mbele. Vumbi la matairi nimeliweka kwa udongo mwekundu halisi niliouchekecha kwa kitambaa. Hapo nilifurahi, nakiri nilifurahi mno.

Halafu kila nikiinua macho, tundu la kioo linanitazama.

Nikakitengeneza mwenyewe. Nilichonga mti laini ukapata mpindo wa kioo, nikachukua plastiki angavu ya kifuniko cha boksi la keki, nikaipasha kwa drai ya nywele huku nimeivuta juu ya mti. Nyingi zilikunjamana nikatupa. Iliyokubali ni nyembamba kuliko ya kiwandani, na ukiangalia kwa ndani unaona usukani bila ule upindaji wa plastiki nene pembeni. Nimeibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu na haiachi ukungu. Imetoka nzuri kuliko ile ambayo ingekuja nzima.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa imelainika. Nilitaka kuandika: seti nunueni bila wasiwasi, na duka mnaweza kulijaribu kwa rangi na brashi, vitu visivyovunjika, maana bei zao si mbaya na wanafikisha haraka. Boksi lifungueni mbele ya bodaboda kabla hajaondoka, fremu ya vioo muiangalie kwanza. Niliona nimewatendea haki.

Jana hivi wamenitumia ujumbe: asante kwa kununua kwetu, tupe nyota tano. Baada ya simu ile! Nikawajibu kwa picha ya ufa na swali moja tu, nani alifungua boksi langu. Wamesoma. Hawajajibu, na leo naona wametangaza seti nyingine za malori, maboksi yamepangwa na selotepu ileile ya kahawia juu yake.

Basi hilo la rangi na brashi nalifuta. Seti ya Italeri naipa nyota zote. Duka silipi nyota hata moja, na hata kopo la thina sitanunua kwao mpaka yule kijana apige simu mwenyewe.